Mume na Mke wa Shamba Nambari 618

Mama yangu, Selpha Nerima, hakuwa mtu wa kuogopa watu. Aliwahi kumfukuza mkusanya kodi kutoka jikoni hadi barabara ya Matayos akiwa na mwiko mkononi, kisha akarudi kusonga ugali wake kana kwamba alikuwa ameenda kuchota maji. Alimwambia padri mbele ya waumini kwamba mahubiri yake ni marefu na watoto wana njaa. Lakini palikuwa na mwanamume mmoja ambaye mama akisikia tu kwamba yuko njiani, aliacha alichokuwa akifanya na kukimbia. Mwanamume huyo alikuwa mume wangu.

Nieleze mapema, maana wako watakaosoma haya ambao mama wakwe zao huwapikia chai. Kwetu Busibwabo, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja, na wakikutana ghafla sokoni mmoja huingia popote palipo wazi, hata kama ni kibanda cha kinyozi. Mama mkwe halali kwa mkwe wake, na mkwe halali kwa mama mkwe. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima ya kwetu ni kazi ngumu kuliko kulima.

Watu wengi hulimaliza jambo hili kwa kuoa mbali. Mume wangu, Joash Oyoo, hakuoa mbali. Alikuwa Mjaluo wa kutoka ziwani, muuza samaki, na mwaka wa 1960 alinunua kipande cha shamba kando ya letu kwa jirani aliyehamia kwingine. Wakati huo hakuwa mkwe wa mtu. Yeye na mama waligombana vizuri kama majirani wengine: mara mbuzi, mara moshi wa kukaushia samaki, mara kuku aliyetaga upande usio wake. Mama alimwita mvuvi wa nchi kavu mbele ya uso wake. Kisha mwaka wa 1963 mvuvi wa nchi kavu akaleta ng'ombe wa mahari kwa ajili yangu, mimi Taaka, na matusi yakakoma siku hiyo hiyo. Tangu hapo waliishi mlango kwa mlango, miaka na miaka, bila kuonana.

Mama alikuwa akisimama jikoni kwake na kusema kwa sauti ya kusikika hadi mtoni, "Taaka, mwambie mwenye boma lako ng'ombe wake ameingia kwa muhogo yangu." Mume wangu, akiwa hatua ishirini nyuma ya ua, alijibu, "Mama Okeyo, mwambie mama nimesikia, natoa sasa hivi." Nami nilisimama katikati na mtoto mgongoni, nikimwambia kila mmoja jambo ambalo tayari alikuwa amelisikia. Ikitokea nikanyamaza, wote wawili walikasirika. Nilikuwa posta isiyolipwa mshahara.

Mwaka wa 1970 wapimaji walifika na minyororo yao, vigingi, na karani mmoja aliyevaa tai kwenye jua la saa sita. Serikali ilitaka kila shamba lipimwe, lipewe nambari, na mwenyewe apewe hati. Utaratibu ulikuwa rahisi. Majirani wawili wanasimama pamoja kwenye mpaka wao, kila mmoja anaweka mkono juu ya kigingi, wanasema, "Hapa ndipo," na karani anaandika. Kijiji kizima watu waliweka mikono, wengine baada ya kutukanana kwanza.

Walipofika kwetu, mume wangu alisikia kwamba mama ameitwa mpakani, akaingia ndani ya mtama akachuchumaa. Mama naye alisikia kwamba mume wangu ameitwa, akajificha nyuma ya ghala. Karani akabaki amekamata kigingi peke yake.

"Mpaka iko wapi?" akauliza hewani.

"Uliza mama," ikasema sauti kutoka kwenye mtama.

"Uliza yeye," ikasema sauti kutoka nyuma ya ghala.

"Kwani nyinyi muko na kesi?"

"Hatuna kesi," zikasema sauti zote mbili, na ilikuwa kweli.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimempeleka mtoto kudungwa sindano. Ningekuwepo ningeweka mikono yangu yote miwili juu ya kigingi hicho na miguu pia. Karani alingoja hadi njaa ikamshinda. Alichokiona ni mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, ardhi isiyo na mpaka na watu wasiogombana. Akaandika kadiri ya akili yake: shamba moja, wenyewe wawili, kwa pamoja. Na kwa kuwa kila mahali alipokuwa ameandika mwanamume na mwanamke katika shamba moja walikuwa mtu na mkewe, akamalizia kwa mazoea, akaenda kula.

Kosa hilo lingeweza kukamatwa. Rejista iliwekwa kambini kwa chifu siku sitini ili kila mtu akague jina lake. Mama hakwenda kukagua kwa sababu huenda mume wangu angekuwa huko. Mume wangu hakwenda kukagua kwa sababu huenda mama angekuwa huko. Siku sitini zikaisha, rejista ikafungwa, ikapelekwa mjini kupigwa muhuri.

Hati zilifika mwaka wa 1974, na naibu wa chifu akaitisha baraza kuzigawa. Wanawake walikaa mbele kwenye nyasi, mama akiwa katikati yao na leso mpya. Wanaume walikaa nyuma, na mume wangu nyuma yao wote, amegeuza uso upande wa barabara ili asije akamwona mama kisogo. Naibu wa chifu alisoma majina kwa sauti ya kanisani. Alipofika kwetu hakusita hata kidogo, maana alikuwa mtu wa kusoma maneno bila kuyasikiliza.

"Shamba nambari 618," akasoma. "Joash Oyoo na Selpha Nerima, mume na mke, kwa pamoja."

Halafu mwanamke mmoja akacheka, na baraza zima likaanguka. Watu walilala chini. Wazee walishikana mabega. Mume wangu alikuwa ameshavuka barabara na anazidi kwenda. Mama aliinuka, akajifunika leso kichwani, akapita katikati ya watu kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake, na ndara yake moja ikabaki pale kwenye nyasi. Hati alipewa mtoto wetu Okeyo aniletee pale nilipokaa. Jioni hiyo nilipokwenda kisimani wanawake waliniuliza mke mkubwa anaendeleaje.

Nilifikiri kicheko kitaisha baada ya wiki mbili. Sikujua kwamba wahusika wenyewe hawakuona kichekesho chochote. Mume wangu alirudi usiku huo hadi mlangoni, akasimama nje.

"Ingia, Baba Okeyo, chakula kinapoa," nikasema.

"Hapa ni kwa mama," akasema.

"Hapa ni kwako. Umejenga mwenyewe."

"Karatasi ya serikali inasema ni shamba moja, yangu na yake. Sasa mimi nitalala aje kwa mama mkwe? Nipatie blanketi."

Nikampa blanketi. Alikwenda Busia mjini, akapanga chumba karibu na soko la samaki. Nilikwenda kumwambia mama aone huyu mtu na wazimu wake, nikamkuta amefunga mzigo. Yeye naye hawezi kulala kwa mkwe. Nilimwambia kwamba nyumba hiyo alijengewa na baba, kwamba amelala humo tangu enzi za Wazungu, kwamba karatasi haina mlango wala kitanda. Alinisikiliza hadi mwisho. Kulipokucha alipanda basi kwenda Malaba, kwa rafiki yake Amuron, aliyekuwa akiuza njugu na simsim karibu na stesheni ya reli.

Basi ndivyo tulivyokaa. Nyumba mbili nzima, zenye paa na milango, hazina wenyewe, kwa sababu ya mstari mmoja wa taipureta. Mimi peke yangu niliruhusiwa kulala kote kuwili, maana mke analala kwa mumewe na binti analala kwa mamake. Nilikamua ng'ombe wa huku na wa kule. Nilipalilia muhogo wa mama na mtama wa mume. Kila Jumamosi nilipeleka unga Busia, na kila Jumapili baada ya misa nilipeleka unga Malaba. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuivisha maharagwe.

Lakini hasira yangu iliisha siku nilipomkuta mama Malaba amelala mchana. Hakuwa mtu wa kulala mchana. Chumba cha Amuron kilikuwa na unyevu na mama alikuwa amekonda shingo.

"Taaka," akaniambia, "nikifia hapa mtanipeleka wapi?"

"Nyumbani, mama. Kando ya baba."

"Hapo ni kwa mkwe. Mtu hazikwi kwa mkwe wake. Mtanizika kando ya barabara kama mlingoti wa simu?"

Hakuwa akitania. Baba amelala upande wa kulia wa nyumba yetu, na upande wa kushoto palikuwa mahali pa mama; alipafagia kila asubuhi kama mtu anayetandika kitanda. Sasa aliona amepokonywa mahali hapo, na aliyempokonya ni mtu ambaye hakuwa na ubaya naye wowote. Niliogopa. Nilijua kwamba akifa kabla ya karatasi kurekebishwa, ndugu yangu Methuselah atakataa azikwe pale, wazee watamuunga mkono, na mimi nitakuwa na mama aliyekufa asiye na kaburi. Siku hiyo ndipo nilipoamua kwamba hati hiyo itasahihishwa hata kama itabidi niibebe mgongoni hadi Nairobi.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na vyumba viwili na Msajili mmoja, mgeni kutoka mkoa wa mbali, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Hakuomba chai. Ningefurahi angeomba, maana mtu wa chai huwa na njia zake. Huyu alikuwa na sheria tu. Nilimpeleka mama kwanza, siku ya Jumatatu. Msajili alisoma hati, akamtazama mama, akatazama mlango.

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?" mama akauliza.

"Joash Oyoo. Kila kitu hapa ni ya watu wawili."

"Hawezi kuja nikiwa hapa."

"Mumekosana?"

"Tunaheshimiana."

Msajili aliweka kalamu chini. Alitueleza pole pole kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni maelewano: wote wawili wanakuja mbele yake kwa wakati mmoja na kutia sahihi. Ya pili ni mgogoro: wote wawili wanakuja mbele yake kwa wakati mmoja na kusikilizwa.

"Na kama hakuna mgogoro, na hawawezi kuonana?" nikauliza.

"Hiyo haina fomu," akasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa na roho nzuri, akaongeza, "Si wagombane tu kidogo? Fomu ya mgogoro ninayo hapa."

Mama aliinuka akatoka. Alisema hajawahi kutukanwa hivyo na mtu aliyesoma.

Jumatano nikampeleka mume wangu. Hatukuwa tumekaa vizuri Msajili akamwambia, "Aa, mzee, karibu. Bibi yako mwingine alikuwa hapa juzi." Mume wangu alitoka nje, akaenda kwenye bomba la maji la uani, akaosha masikio yote mawili kwa sabuni niliyokuwa nimenunua. Kisha akarudi kuketi. Aliomba maneno yale ya mume na mke yafutwe leo, hayo mengine yatafuata.

"Kufuta ndoa nahitaji hati ya talaka," akasema Msajili.

"Bwana, hao hawakuoana," nikasema.

"Basi nahitaji hati ya kuonyesha hawakuoana."

"Nani anatoa hiyo?"

Alifikiri kwa muda mrefu, akitazama kabati lake, faili moja baada ya nyingine. "Sijawahi kuiona," akakubali.

Tulirudi mara nne. Nauli ya basi, nauli ya zile baiskeli za mpakani zinazobeba watu, siku za kazi zilizopotea, sitaki hata kuzikumbuka. Mara moja nilimleta mama asubuhi na mume mchana siku hiyo hiyo, nikidhani siku moja ni wakati mmoja. Msajili alisema wakati mmoja maana yake ni dakika moja. Mara nyingine mume alisimama nje ya dirisha huku mama yuko ndani, lakini Msajili alisema sheria inamtaka mtu awe ofisini, si kwenye maua.

Aliyetuokoa ni tarishi wa ofisi hiyo, mzee Ikapel, Mteso wa Kocholia. Huyo hakuhitaji kuelezwa. Siku ya kwanza tu alipomwona mama anaingia huku akichungulia kila kona, alielewa, kwa maana Wateso nao wana mambo hayo hayo. Alinyamaza kwa sababu tarishi hasemi kabla ya kuulizwa. Mara ya nne mama alipotoka pale akishikilia ukuta, Ikapel alishindwa, akaingia kwa Msajili bila kubisha mlango.

"Bwana mkubwa," akasema, "hawa watu hawakatai kuja. Wanakataa kuonana. Sheria yako inasema waonane?"

Msajili akafungua kitabu. Akasoma ukurasa, akageuza, akasoma mwingine. "Inasema wafike mbele yangu," akasema.

"Wewe ndiye utawaona. Wao kwa wao, hiyo ni maneno yao."

Juma lililofuata Ikapel alishusha ramani ukutani. Ilikuwa ramani kubwa ya eneo letu zima, ya kitambaa, yenye mbao juu na chini, ndefu kuliko mtu. Aliifunga kamba kutoka kwenye kabati hadi kwenye msumari wa dirisha, ikaning'inia katikati ya ofisi na kuigawa meza ya Msajili sehemu mbili. Mume wangu aliingizwa kwanza, akaketi upande wa dirisha. Mama akaletwa baadaye, leso usoni, nikimshika mkono, akaketi upande wa mlango. Kamba ilikatika mara moja, kwa maana ramani ilikuwa nzito, lakini Ikapel aliidaka kabla ya maafa. Tangu hapo yeye alishika ncha moja na mimi nyingine. Kwa hiyo mimi nilisimama mwisho wa ramani mikono juu, na katika watu wote wa familia yangu ni mimi peke yangu niliyewaona wote wawili kwa mara moja. Mume wangu alikuwa ameota mvi. Mama alikuwa mdogo kwenye kile kiti. Nilijisikia vibaya kwa mambo yote niliyokuwa nimewasema wakati wa kupalilia.

Msajili aliinama kushoto, akaapisha. Akainama kulia, akaapisha.

"Selpha Nerima, huyu mwanamume aliye upande ule ni mume wako?"

"Bwana," akasema mama, "uniulize hivyo tena, nitarudi Malaba nife leo."

Msajili akaandika: hapana. Mume wangu alipoulizwa swali lake alitikisa kichwa tu, akitazama viatu vyake, na Msajili akaandika hapana ya pili. Mume na mke wakapigwa mstari mwekundu, na sahihi pembeni. Nilidhani tumemaliza.

"Sasa mpaka," akasema Msajili, akitoa karatasi safi. "Mama, shamba yako inaishia wapi?"

"Hatua tatu kabla ya ule mkonge wa katikati yetu," akasema mama. "Hapo ndipo jembe yangu inaishia. Siwezi kulima mpaka kwa mkonge, nitakutana na mtu."

"Na yako, mzee?"

"Hatua tatu kabla ya mkonge," akasema mume wangu. "Upande wangu. Siwezi kusongea mama."

Msajili alichora. Alichora tena. Akavua miwani. "Hapa katikati kuna hatua sita," akasema. "Kutoka barabarani hadi mtoni. Ni ya nani?"

"Ya mkwe wangu," akasema mama.

"Ya mama," akasema mume wangu.

"Mama, yeye anasema ni yako."

"Siwezi kuchukua kitu ya mkwe."

"Mzee, mama anakupatia."

"Mimi nikule shamba ya mama mkwe? Andika ni ya kwake."

Mikono yangu ilianza kufa ganzi. Waliendelea hivyo hadi saa saba mchana. Msajili aliwapa kila mmoja hatua tatu tatu, wakakataa wote wawili kwa adabu kubwa. Akampa mama nne na mume mbili, mama akasema hilo ni tusi. Hatimaye Msajili akasimama. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ya mtu anayekaribia kulia.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja," akasema. "Kila siku watu wanakuja hapa na vidonda vya panga kwa sababu ya unyayo mmoja. Ndugu kwa ndugu. Nyinyi mna hatua sita na hakuna anayetaka. Ardhi haiwezi kukaa bila mtu kwa kitabu. Nikifunga faili hivi, inaenda kwa serikali."

Hakuna mmoja wao aliyetaka serikali ije kulima kati yao.

"Hapo katikati hupita nani?" akauliza Msajili, amechoka.

"Taaka," akasema mama.

"Mama Okeyo," akasema mume wangu, wakati huo huo.

"Hao ni watu wawili?"

Ikapel akanielekeza kwa kidevu, kwa maana mikono yake ilikuwa imeshika ramani. "Ni huyu," akasema. "Huyu anashika hii kitu na mimi tangu asubuhi."

Msajili alinitazama kana kwamba nimeingia sasa hivi. Aliuliza mama kama anakubali, mama akasema anakubali. Aliuliza mume wangu, akasema anakubali, na akaongeza kwamba alikuwa bado hajafikiria lakini sasa anaona ilikuwa hivyo siku zote. Msajili akaniuliza jina langu kamili. Sikuwa nimewahi kuulizwa jina langu kamili na mtu mwenye kalamu, isipokuwa siku ya ubatizo, na siku hiyo sikuweza kusema. Nilimwambia. Akaliandika. Nililia pale pale, na sikuweza kujipangusa kwa sababu nikiachilia ramani wangeonana.

Mama alirudi nyumbani wiki hiyo hiyo, akafagia kote, akalalamika kwamba nimemwachia sufuria nyeusi. Mume wangu alirudi siku iliyofuata kupitia njia ya mbali. Mama aliishi miaka mitatu zaidi, na alipofariki mwaka wa 1978 alizikwa upande wa kushoto wa nyumba yake, kwenye ardhi yake, na hakuna mtu aliyefungua mdomo.

Hati yangu ilikuja mwaka wa 1976. Ndugu yangu Methuselah alikuja mbio kulalamika kwamba msichana aliyeolewa hana shamba kwao. Nikamwambia hapo si kwetu, mpaka wa kwetu uko hatua tatu nyuma. Shemeji zangu wa ziwani walikuja kusema mke hana shamba lake kwa mumewe. Nikawaambia hapo si kwa mume wangu, wamuulize mwenyewe. Walitazamana, wakanywa chai, wakaenda. Wazee walijaribu kutafuta mila ya kukataza jambo hilo wakaikosa, maana mila zote walizozijua zilikuwa za kwao na za kwa mume, na huku katikati hazikufika.

Walipoondoka nilikwenda kusimama kwenye zile hatua sita. Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Tangu nizaliwe niliambiwa kwamba hapa ni kwa baba yangu na kesho nitakwenda, kisha nikaambiwa kwamba hapa ni kwa mume wangu na nilitoka kwingine. Hapo niliposimama hakuna mtu aliyeweza kuniambia nirudi kwetu. Nikaenda kuchukua jembe.